Kichefuchefu cha Nani

Kionjo cha Mzee Otmar Komba kilitoka jikoni kikiwa baridi, kimejaa kizibo kimoja cha plastiki, na Tulalumba alikitazama kama unavyotazama bakuli la mlenda uliolala siku mbili. Kilikuwa kinatetemeka. Alikuwa ameifanya kazi hii miaka sita, na bado kila asubuhi alipoona kile kitu kinatetemeka, aligeuza uso kwanza.

"Jiko" ni jina walilolipa mtambo uliosimama pembeni ya chumba cheupe, ingawa haukuwa na moto wala sufuria. Ulipokea habari kutoka kwenye punje. Kila mtu mzima wa Songea alikuwa na punje yake, imebanwa nyuma ya gego la mwisho, ndogo kuliko mbegu ya ulezi, ikionja mate yake mchana kutwa. Punje ikiona mambo si mazuri inapeleka habari kituoni, na jiko linapika ute unaofanana na mate yale, pamoja na chumvi zote ambazo huzuni, hofu au furaha huziacha mdomoni mwa binadamu. Mfanyakazi anauweka ute ulimini, anafumba macho, na muda si mrefu anahisi kile anachohisi mtu mwingine aliyeko nyumbani kwake akichambua mchele, hana habari.

Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wahenga. Basi serikali ikaona kila mtungi upewe kata yake. Kwenye matangazo kazi hiyo iliitwa kujulia hali. Mitaani wenye kazi waliitwa walambaji, na mitaani hawakukosea.

Kabla ya kulamba ilibidi mtu ajisafishe. Tulalumba hakuwa amekula tangu alipoamka. Alisukutua maji ya chumvi, akatema kwenye sinki, akakaa kwenye kiti ambacho mtambo ulikitumia kupima anachohisi, akakiambia kinasa sauti cha ukutani yaliyo yake mwenyewe ili yasije yakachanganyika na ya mzee.

"Nina njaa," alisema. "Nina hasira kidogo na mdogo wangu, kanirudishia gauni bila kulifua. Nina kichefuchefu."

Alichokitaja, mtambo ulikitoa kwenye hesabu, kama muuza maharage anavyotoa uzito wa ndoo kwanza ndipo apime. Kinachobaki ni cha mteja. Kichefuchefu walikitaja wote, kila siku, hata kabla hawajaugusa ute. Walifundishwa hivyo tangu siku ya kwanza chuoni: ute huu unatapisha, msione aibu, kitajeni kitoke. Mwalimu mmoja aliwaambia kwa kicheko kwamba mlambaji asiye na kichefuchefu hajalamba.

Akaweka kile kitu ulimini. Kiliteleza hadi kwenye pembe za mdomo, kikatafuta kila ufa, kikajisambaza chini ya ulimi kama kilikuwa kinapajua. Jasho likamtoka. Kichefuchefu kikapanda, akakizuia kwa kubana pua, na chini yake akasubiri uchungu wa mjane mwanamume: upweke, usingizi mbovu, labda hasira kwa Mungu. Hakuja mtu. Alipotema, rangi ya ute ikalipaka sinki zambarau, na ulimi wake ukawa kama wa mtoto aliyetoka kupanda mzambarau wa jirani.

Taa ya mtambo ikawaka nyekundu. Mtupu: mtu asiyehisi tena chochote, anayehofiwa kujiua.

Hiyo ilikuwa nyekundu ya pili. Ya kwanza aliipata mwenzake Ewald wiki iliyopita, na nyekundu mbili hazijadiliwi: jioni gari la Makao ya Utulivu lingepita kumchukua mzee. Makao yalikuwa safi. Watu wa huko walilala kwenye shuka nyeupe, walilishwa uji, walilambwa asubuhi na jioni, na hawakufa. Lakini Tulalumba hakuwahi kumwona hata mmoja aliyerudi kutoka kule akaweza kumtania mtu.

Na Mzee Komba alikuwa mtani. Hilo ndilo lililomfanya asitie saini pale pale. Alikuwa Mngoni, na baba yake Tulalumba alikuwa Mhehe, na wale wawili walitukanana kwa mapenzi miaka yote waliyofanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Baba alipofariki, Mzee Komba alisafiri mpaka Iringa, akajilaza mlangoni kwenye mkeka na kuizuia maiti isitoke, akidai Mhehe yule amekufa makusudi ili asimpikie pombe. Waombolezaji walicheka huku kamasi zikiwatiririka. Tulalumba alikuwa binti mdogo wakati ule, na bila kicheko kile asingejua msiba unaishaje. Mtu wa namna ile awe mtupu?

Akasukutua tena. Kichefuchefu hakikuondoka.

*

Kilikaa naye kwenye korido, kikakaa naye alipojaribu kunywa chai. Na kadiri kilivyokaa ndivyo alivyoanza kukitambua sura. Hakikuwa cha tumbo. Alikumbuka bibi mmoja wa kanisani, zamani, aliyezoea kulowesha kidole kwa mate na kuwafuta watoto tongotongo mbele za watu. Mate yanakauka usoni, yananuka, na huwezi kusema kitu kwa sababu bibi anakupenda. Ndicho kinyaa alichokuwa nacho sasa, kinyaa cha mtu aliyeguswa bila kupenda, na mguso wenyewe unaitwa huruma.

Akarudi kwenye chumba cheupe. Ewald alikuwa anajiandaa kumlamba mwalimu mmoja wa Bombambili, amefumba macho, anakiambia kinasa sauti kwamba ana kichefuchefu. Kila asubuhi jiko lilitoa ute wa kwanza usio na mtu ndani yake, wa kusafishia mrija, na ute huo ulimwagwa kwenye ndoo. Hakuna aliyewahi kufikiria kuuonja. Nani aonje kitu kile kama halazimiki? Tulalumba alichovya kidole kwenye ndoo, Ewald akafumbua macho na kumtazama kama mwendawazimu, na Tulalumba akakilamba kidole.

Ulikuwa baridi. Uliteleza. Ulikuwa na ladha ya plastiki na chumvi kidogo. Akasubiri. Akasubiri sana, mpaka Ewald akamwuliza kama yuko salama. Hakuna kilichopanda kooni. Angeweza kula kikombe kizima na mkate.

Akakaa chini kwenye sakafu.

Kumbe ute hautapishi. Miaka yote ile, wote, chuoni na vituoni, walikuwa wanakitaja kichefuchefu kuwa chao, mtambo unakitoa, wao wanakitema sinkini na kufungulia maji. Na kilikuwa cha watu. Mwalimu wa Bombambili, mama wa Lizaboni mwenye mapacha, kijana aliyeachwa na mchumba, kila mmoja wao alijua anaonjwa na aliona kinyaa, na kinyaa hicho ndicho kitu cha kwanza walichokisema kwa sauti kubwa kuliko vyote. Na walambaji, kwa kuwa walikuwa wanaona kinyaa na kazi yao tangu mwanzo, hawakushangaa kukikuta mdomoni. Ukitoa kinyaa kwa mtu ambaye hana kingine kilichobaki, unapata sifuri, na sifuri inawaka nyekundu. Tulalumba alifikiria nyekundu zote alizotia saini kwa mkono wake, akainuka na kutapika sinkini. Safari hii kilikuwa chake.

*

Skolastika Haule, mkuu wa kituo, alimsikiliza bila kumkatiza. Alikuwa mama mnene mpole aliyewaita wafanyakazi wake wote wanangu na kuwapikia maandazi kila Ijumaa, na hakuna mtu pale ambaye hakujua kwa nini aliipigania sheria ya vionjo hadi Dodoma. Mdogo wake Ansila aliulizwa hali na ndugu, na majirani, na padri, wote akawajibu sijambo. Walimzika juma lile lile. Tangu hapo Mama Haule hakuliamini tena neno sijambo kutoka kwa kiumbe yeyote, na hata asubuhi ukimsalimia alikuwa na namna ya kukutazama mdomo badala ya macho.

Aliuliza maswali ya kitaalamu kwanza. Je, ute wa ndooni ulikuwa wa leo? Je, mwingine ameonja? Ewald alikuwa ameonja, akasema hivyo hivyo, sasa yuko chooni analia. Mama Haule akatikisa kichwa taratibu. Akasema hesabu itabidi ipelekwe makao makuu, na makao makuu watachukua mwaka. Kisha akasema lile aliloliamini.

"Kwa hiyo wanatuona kinyaa. Sawa, mwanangu. Maiti haimwoni mtu kinyaa. Mimi nachagua wanichukie wakiwa wazima."

"Ndicho ninachokwambia, mama. Mwenye kinyaa si mtupu. Mzee Komba yupo, gari lisiende."

"Ana kinyaa, nimekubali. Na chini ya hicho kinyaa kuna nini? Una hakika?"

Tulalumba hakuwa na hakika. Angelijua jambo hilo kwa njia moja tu, nayo ilikuwa kulamba tena bila kukitaja kichefuchefu, na wazo hilo lilimfanya akunje uso kama aliyeng'ata mende. Mama Haule akafungua friji, akatoa kikopo kidogo cha bati chenye kionjo kipya cha mzee, cha kulambwa mlangoni kwa mteja dakika chache kabla ya kuingia, kama sheria inavyodai. Akasema gari litaondoka jua likianza kushuka. Kama Tulalumba ataleta kitu tofauti na nyekundu kabla ya hapo, yeye atalizuia. Asipoleta, mzee analala Makao. "Na ukikosea," alimalizia, "utamkumbuka kila ukiamkiwa."

*

Bajaji isiyo na dereva ilimshusha Ruhuwiko mbele ya nyumba ya tofali la kuchoma. Alisimama chini ya ukingo wa bati, kikopo mkononi, akajaribu kujiandaa.

Mwongozo uliwakataza kuuliza hali. Ukimwuliza mtu hali, unampa nafasi ya kukudanganya. Kwa hiyo mlambaji huingia na jibu tayari. Pole kwa upweke ulioupata tangu alfajiri. Naona hukulala. Hasira yako kwa mwanao imepungua, hongera. Tulalumba alikuwa hodari wa maneno yale. Aliyatamka kwa sauti laini akiwa ameegemeza kichwa upande mmoja, na sasa alipojisikiliza kichwani alitamani kujifuta kwa mchanga. Mwaka mzima, tangu mkewe Gaudensia azikwe, mzee huyu alikuwa hajaulizwa na mtu yeyote habari za hapa. Watoto wake walioko mjini nao walikuwa wakipata muhtasari wake kwenye simu kila jioni, wakaona hakuna haja ya kupiga.

Akafungua kikopo na kumwaga ute chini. Kuku mmoja akaja mbio, akadonoa mara moja, akapangusa mdomo kwenye majani pande zote mbili, akaondoka bila kugeuka nyuma.

"Hodi," alisema Tulalumba.

"Hodi ya nini," sauti ilijibu kutoka uani, "na umeshaingia."

Alimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, birika juu yake, mgongo umeelekea mlangoni. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa safi na vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni, kama mtu anayesubiri kupelekwa mahali.

"Shikamoo, mzee."

Mzee aligeuza shingo polepole. Jibu lilimtoka lenyewe, maana malezi ni malezi. "Marahaba."

"Habari za hapa?"

"Habari unazo wewe. Niambie mimi zikoje."

Akamweleza kwamba hana. Alimlamba asubuhi kituoni, hilo hafichi, lakini cha mlangoni amekimwaga na kuku amekikataa. Mzee hakuamini. Akamwamuru akae kwenye mwanga, afungue kinywa, atoe ulimi. Tulalumba akatii. Mzee akainama karibu kabisa, akamshika kidevu, akatazama ulimi, akatazama na chini ya ulimi, bila haraka, akimpumulia usoni. Zambarau ya asubuhi ilikuwa imepauka. Ute mpya wa mlangoni huacha rangi inayong'aa. Muda wote ule Tulalumba alikuwa ameganda, machozi ya aibu yanamlengalenga, na mzee aliyaona, na hakuomba radhi.

Alimwachia kidevu. Akarudi kwenye kigoda, akapuliza mkaa.

"Wahehe," alisema. "Mlipokuwa mnakula mbwa niliwavumilia. Sasa mmehamia kwa watu."

Tulalumba alitamani kumshukuru, lakini alijua adabu ya utani, na mtani hajibiwi kwa shukrani. "Mbwa ana ladha, mzee. Wewe ulikuwa mchungu tu."

Hakucheka. Alivuta kigoda cha pili kwa mguu, akamwonyesha akae, akamwambia arudie salamu yake. Akairudia: habari za hapa. Mzee akajibu kwa utaratibu, kama watu walivyojibu kabla ya punje. Salama. Shamba salama, mahindi yamebeba. Watoto salama, hawajambo huko waliko. Akanyamaza. Tulalumba naye akanyamaza, kwa sababu kila aliyezaliwa kusini hii anajua kwamba salama huja kwanza, na habari yenyewe huja nyuma yake, ukiisubiri.

"Salama," alisema tena Mzee Komba. "Ila nimechoka kuishi."

Kwenye mkoba wa Tulalumba kulikuwa na kitufe. Kwa maneno yale, kitufe kinabonyezwa na gari halingoji jioni. Alikihisi pale pajani kwake kama kaa la moto. Mama Haule alikuwa amesema kweli, kulikuwa na kitu chini.

"Umechoka na nini?" aliuliza. Hakuwa amewahi kumwuliza mtu swali hilo. Vionjo vilimpa uzito wa huzuni kwa gramu, na hakuna siku vilimwambia huzuni inatokana na nini.

Mzee alieleza huku akichokoa mkaa. Siku chache baada ya mazishi alikwenda nyuma ya migomba alie peke yake, maana mwanamume wa umri wake halii mbele za wajukuu. Hajapenga kamasi, mlambaji amefika na tabasamu, anampa pole kwa kulia, na anamwambia kilio chake ni kizuri kiafya. Mdomo wa yule bwana ulikuwa na zambarau. Mzee alitazama ule ulimi akajua Gaudensia wake yuko mle ndani, anatafunwa. Tangu siku hiyo kila huzuni ilipopanda aliimeza ili wasiipate, mpaka ikaacha kupanda. Hakuweza tena kumlilia, na hivi karibuni hakuweza hata kuikumbuka sauti yake.

"Nilikuwa na msiba mmoja, mkaulamba ukaisha," alisema. "Nikaona kifo changu angalau hamtakionja."

Tulalumba aliona kinyaa kikimpanda, kile kile cha asubuhi, na hakukuwa na ute wowote mdomoni. Akaiweka ile hesabu mbele yake mwenyewe, bila mtambo. Akibonyeza kitufe, mzee ataishi, na atalambwa asubuhi na jioni hadi siku ya mwisho. Akiiacha punje mahali ilipo, nyekundu ya tatu itapatikana tu, na atakayekuja hatakuwa mtani. Akiitoa, hakuna mtu duniani atakayejua usiku wa leo mzee ana hali gani.

Akaingiza mkono mkobani, akapita kitufe, akatoa koleo ndogo wanayobadilishia punje.

"Fungua kinywa, mzee."

Mzee aliitazama koleo, akamtazama yeye, akafungua. Punje ilitoka na uzi wa mate. Tulalumba akaitupa kwenye mkaa, ikalia kama mbegu ya ulezi kweli, ikanuka nywele zilizoungua.

Simu ikaita pale pale. Mama Haule alikuwa anahema. Alisema mstari wa mzee umezimika, akauliza kama amefariki. Tulalumba akamjibu hajafa, ni yeye ameitoa, na amesikia alichokuwa nacho chini, ni kibaya, na mzee amekisema kwa mdomo wake mwenyewe.

"Na kesho akikwambia sijambo?" aliuliza Mama Haule, na sauti yake ilikuwa imepasuka.

"Nitakaa naye mpaka aseme lingine. Na kesho kutwa nitakaa."

"Utafukuzwa kazi, Tula."

"Najua, mama."

Mama Haule alisema gari limepata hitilafu, halitoki leo, akakata.

Mzee Komba alikuwa amesikia yote. Alikuwa analipapasa gego lake kwa ulimi, mahali palipobaki wazi. Akauliza, kwa ukali, huyu Mhehe anakusudia kukaa hapa kwake hadi lini, na akimfukuza je?

"Babu zako walijaribu kutufukuza," alisema Tulalumba. "Walishindwa na mikuki yao."

Mzee alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, kilichokwama njiani na kugeuka kikohozi, na kikohozi kikageuka sauti nyingine ambayo Tulalumba hakuitambua mara moja. Mzee aliita jina la mkewe. Aliita tena, akajikunja juu ya magoti yake na vifungo vyake vyote vilivyofungwa, akalia kwa sauti ya kusikika kwa majirani. Tulalumba hakumpa pole, hakumgusa. Alikuwa anaogopa sana. Birika lilichemka, maji yakamwagikia mkaa, na hakuna aliyeinuka kulitoa.